Kuililia Shingo ya Gitare

Kunyamaza si kazi yangu. Sokoni Kalemie, pale nilipokuwa nauza ndagala, dagaa wa ziwani, wateja walinisikia kabla hawajaniona, na marehemu mume wangu alikuwa anasema hata akiwa juu ya kreni bandarini anajua kama nimekasirika. Alikuwa ananitania, lakini si sana. Kwa hiyo nieleweke vizuri: katika mambo yote ya matanga yake, kunyolewa nywele, kulala chini, kula kwa sahani ya peke yangu, lililonitesa kabisa ni kufungwa mdomo.

Homa ilimchukua ndani ya wiki moja tu, na watu wake wakaja kutoka upande wa Mpala kutuwekea matanga. Kwao mjane anakaa juu ya mkeka mpaka siku ya kuyaondoa. Hasemi na mwanaume. Hagusi kitu cha marehemu, hata kijiko. Akiwa na haja anamnong'oneza wifi yake, na haja zenyewe ni kula na kwenda chooni, basi. Akitaja mali ya marehemu kabla ya siku ile, amekwisha. Watasema ni yeye aliyemuua, alikuwa anaingojea. Ruhusa aliyo nayo ni kulia. Kulia anaweza saa yoyote, kwa sauti yoyote na kwa maneno yoyote, mradi anayemwita awe marehemu.

Siku ya kuondoa matanga, mjane akishanawishwa, wazee wanamuuliza: katika vitu vya mume wako unaomba kubaki na nini? Anaomba kitu kimoja. Wanaweza kumpa, wanaweza kumnyima. Vingine vyote vinashuka kwa mpwa, mtoto wa dada ya marehemu, maana kwao urithi unapita kwa upande wa mama. Wanawake wengi wanaomba cherehani, au kitanda. Mimi nilijua nitaomba nini tangu siku tuliyomzika. Nilitaka gitare.

Ilikuwa gitare ya umeme, nyekundu. Mgiriki mmoja mwenye duka alimwachia wakati anafunga mlango na kuondoka, ile miaka ambayo wageni wengi walikuwa wanafunga. Kila Jumamosi mume wangu aliipiga na orkestra ya wafanyakazi katika baa moja karibu na gare ya treni. Vidole vyake, jamani! Lakini uvumilivu, sifuri. Jumapili asubuhi anaitupa kitandani, "Mama, angalia basi huyu mgonjwa wako," halafu huyo, amelala. Na mimi naangalia. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha mwanzoni, kisha nikamshinda, kwa sababu kazi ile inataka mtu asiye na haraka. Mimi haraka yangu yote iko mdomoni. Mikononi sina.

Jasho lake lilikuwa na chumvi nyingi. Nisipopangusa kamba kwa kitambaa kikavu, kabla ya Jumatano zimeshika kutu. Kamba mpya zilitoka Kigoma, na mara nyingine boti inaleta sabuni na shuka, kamba hakuna. Basi nachemsha zile za zamani katika sufuria ya ugali, bukari yetu, nazinyoosha juani, na zinalia vizuri tena kwa Jumamosi kadhaa. Kwenye kale kamfupa ka juu, kamba zinapopita kuelekea masikio ya kuzikazia, natia unga wa penseli zisikwame. Kamba ya nne hakuitaka nene kama ya watu wengine. Alitaka nyembamba, ya juu, ile inayofanya gitare ya kwetu icheke.

Kazi kubwa ni shingo. Ndani ya shingo ya gitare mna chuma kirefu, na kule kichwani kuna skrubu ya kukikaza. Mvua zikija, hewa ya ziwa inaingia kwenye mbao, shingo inapinda, kamba zinapanda juu mpaka vidole vinauma. Dawa yake ni hii. Unalegeza kamba kwanza. Unageuza skrubu robo ya mzunguko, robo tu! Unakaza kamba, unaiacha ilale, na asubuhi unapitisha kipande cha boksi la kiberiti chini ya kamba uone kama zimeshuka. Ukifanya haraka, chuma kinakatika humo ndani au shingo inapasuka, na shingo ya gitare ikipasuka Kalemie haina daktari.

Sasa, mrithi. Alikuwa mwanaume mzima, mwenye mke na watoto, mpiga ngoma wa kwaya ya misioni kule Mpala. Mtu mzuri, nisimsingizie. Lakini wazee walikuwa wamemwambia kwamba siku ya kuondoa matanga atapiga gitare ya mjomba wake mbele ya watu, hata wimbo mmoja, ijulikane kwamba jina limepata mtu. Gitare za mbao, zile za kujitengenezea, alizijua. Ya umeme alikuwa hajawahi kuishika. Niliona namna anavyoitoa kwenye mfuko wake, kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake, nikajua anaogopa. Mimi nikaogopa zaidi.

Alikaa uani, mbele ya mkeka wangu, kwa sababu ndiko kulikuwa na nafasi. Akagusa kamba. Sauti ikatoka nzito, imepooza, maana mvua zilikuwa zimenyesha tangu mazishi na nyumba ilikuwa inavuja pale gitare ilipotundikwa. Mtu mwingine angeipangusa na kuiacha ikauke taratibu. Huyu alifanya anachofanya kila mpiga ngoma ngoma ikipoa: aliipeleka motoni! Aliiegemeza kwenye jiwe karibu na mbabula ya mama yake, lile jiko la mkaa, tumbo likiangalia makala yanayowaka, akaenda kutafuta kiti kizuri.

Mungu wangu. Rangi ile, gundi ile! Mama yake, yaani wifi yangu, alikuwa anasonga bukari pembeni ya moto wala haoni kitu. Nilimvuta kitenge.

"Unataka kuenda inje?" akaninong'oneza.

Nikatikisa kichwa.

"Njaa?"

Nikatikisa tena, nikamwonyesha mbabula kwa macho. Akaangalia, akaona makala yanawaka vizuri, akanipigapiga begani. "Bukari itaiva sasa hivi, Mama. Vumilia."

Nitamwambia nini zaidi? Nikisema gitare, nimetaja mali. Na huyu ni mama wa mrithi mwenyewe! Nilikaa pale, na harufu ya rangi ikaanza kunifikia. Hapo nikafungua mdomo, nikalia.

"Weee, baba yangu weee! Wewe uliyekuwa unaogopa moto! Nani amekuweka karibu na moto weee! Ngozi yako inaungua, baba! Wewe si ngoma weee! Wewe si ngoma!"

Matangani mjane akilia, wanawake wanaitikia, ndivyo ilivyo. Uani palikuwa na wanawake wengi, na wote wakatupa sauti juu: "Si ngoma weee!"

"Mwondoeni motoni, mwondoeni!"

"Mwondoeni weee!"

Wifi yangu alikuwa analia na mwiko mkononi, lakini nilimwona anajiuliza. Baadaye nikamsikia anamwambia jirani, "Kaka yangu kuogopa moto? Tangu lini?" Mwanawe alikuwa amerudi na kiti. Alisimama katikati ya vilio, akaniangalia, akaangalia mbabula, akaniangalia tena. Kisha akaiondoa gitare haraka, akaipuliza ubavuni kama kidole kilichoungua. Rangi ilikuwa imefanya malengelenge kidogo. Kidogo tu, na shingo haikuguswa. Nilifuta uso kwa kitenge nikamshukuru Mungu, halafu nikawasikia wazee.

Walikuwa wanakaa upande wa pili wa ua, kwenye viti, na mkubwa wao, mjomba wa marehemu, alikuwa na macho madogo makali ambayo hayakosi kitu. Alimwita wifi yangu, akamwambia bila hata kupunguza sauti:

"Huyu mwanamuke analiaka akiangalia gitare."

"Analia mume wake, Papa."

"Mimi nasema ninachoona. Mumwangalie."

Basi nikaangaliwa. Tangu saa ile kila nikiinua kichwa nakutana na yale macho. Nilijiapia kwamba sitalia tena mpaka siku ya mwisho, hata wakiipasua kuni.

Kesho yake kamba moja ikakatika mikononi mwa mrithi, ya tatu. Dukani hakuna kamba. Akafanya kama wengi walivyofanya wakati ule, akachomoa waya mmoja kutoka kebo ya breki ya baiskeli, akaufunga huo. Waya wa breki unalia, sikatai. Lakini ni mgumu, na ili ufike kwenye sauti yake unauvuta kwa nguvu kuliko kamba ya kweli, na shingo ndiyo inayovutwa. Siku iliyofuata kamba zote zilikuwa zimepanda. Alibonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena. Alikuwa anatoka jasho, masikini, siku inakaribia na vidole vinamuuma. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gitare, akapata ule ufunguo mdogo wa mume wangu. Akautazama. Akaupeleka kichwani kwa gitare, akaupachika kwenye skrubu. Ukaingia.

Kamba zote zilikuwa zimekazwa, na ile ya baiskeli juu yake. Nikasema moyoni, legeza, mtoto wa watu, legeza kwanza. Akageuza. Robo ikapita. Akageuza tena, nusu, kwa mkono wa mtu aliyezoea kukaza ngozi ya ngoma, akiweka mabega. Nilitia ncha ya kitenge mdomoni nikauma. Mzee ananiangalia. Mrithi akashika gitare kwa magoti, akapumua, akakaza mara ya tatu, na mimi nikasikia mbao zinasema kiii.

Wacha waseme nilimuua! Nilitema kitenge.

"Baba weee! Wewe uliyekuwa mpole weee! Kabla ya kukaza ulikuwa unalegeza, baba! Ulikuwa unalegeza kwanza!"

"Kwanza weee!" wanawake wakaitikia.

"Robo tu, baba! Siku zote robo tu! Hukuwahi kupita robo!"

"Robo tu weee!"

"Shingo yako weee! Nani anakuvunja shingo! Iacheni shingo ilale, ilale mpaka asubuhi!"

"Ilale weee! Ilale!"

Bibi mmoja jirani yetu alilia vibaya sana kwa ile robo. Nadhani alifikiri marehemu alikuwa mtu wa kula kidogo. Mimi nilikuwa namtazama mrithi kati ya machozi, na yale yalikuwa machozi ya kweli. Mkono wake ulikuwa umesimama kwenye ufunguo. Hakuniangalia. Polepole akaugeuza ufunguo kinyume mpaka pale alipoanzia, akauweka chini, akaanza kulegeza kamba, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye waya wa baiskeli aliuondoa kabisa, akautupa.

Kule kwenye viti mzee mkubwa akakohoa. "Robo ya nini?" akauliza. Hakuna aliyemjibu, watu walikuwa wanalia.

Tangu siku ile mimi na mrithi tuliongea, kama kule ni kuongea. Asubuhi analeta gitare, anakaa pale ninapoweza kuona vizuri. Anaweka mkono mahali fulani, anangoja. Nikinyamaza, anaendelea. Nikianza "Baba weee," anatoa mkono. Nililia unga wa penseli. Nililia kitambaa kikavu. Alipata kamba ya tatu ya kweli kwa mtu mmoja wa orkestra ya marehemu, na alipotaka kubadilisha ile ya nne nyembamba aweke nene, nililia mpaka sauti ikakwaruza: "Kicheko chako, baba, wasikuondolee kicheko chako!" Akaiacha. Na kila siku mzee yule ananiangalia, na kila siku nasema leo ndiyo leo, leo atasimama aniulize mbele ya watu. Usingizi sikuupata. Nilikuwa napigania kitu ambacho sina ruhusa hata ya kukitaja, na bado sikujua kama watanipa.

Siku ya kuondoa matanga walinipeleka ziwani asubuhi, nikanawishwa, nikavalishwa nguo nyingine. Tuliporudi, ampli, lile boksi la kukuza sauti, ilikuwa imewekwa uani, waya umevutwa kutoka kwa jirani, na umeme wa mtambo wa Bendera siku hiyo ulikuwa unapanda na kushuka kama kawaida yake. Mrithi alikaa kwenye kiti. Alikuwa amepauka. Aligusa kamba, na gitare ikajibu sawasawa, safi, kutoka kamba nene mpaka nyembamba, hakuna inayokwaruza, na ile ya nne ikacheka. Watu wakapiga kelele. Mimi nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, kwa sababu sauti ilikuwa ya mume wangu kabisa, na mikono haikuwa yake.

Wimbo ulipokwisha, mzee mkubwa akaniita mbele.

"Mama, matanga yamekwisha. Mudomo wako umefunguliwa. Katika vitu vya mutoto wetu, unaomba kubaki na nini?"

"Naomba gitare," nikasema.

Ua ukacheka. Mmoja akauliza kama nitaipikia ndagala. Mzee hakucheka. Aliniangalia kwa yale macho yake, akasema, "Nilijua. Lakini mwenyewe sasa ni mrithi. Aseme yeye."

Mrithi akasimama, gitare bado shingoni. Na Mungu anisamehe, nilipomwona anatabasamu nilifikiri nimeshapata.

"Wazee wangu," akasema, "mimi sina neno. Gitare njo yake. Mimi nilikuwa naiua, yeye akaiponya. Vile vilio vyote mulivyosikia, alikuwa ananionyesha kazi. Moto, ilikuwa gitare. Robo, ilikuwa gitare. Shingo pia. Bila yeye leo musingesikia kitu."

Alitaka kunisaidia. Alingoja watu wafurahi pamoja naye. Hakuna aliyefurahi. Yule bibi jirani aliweka mkono mdomoni. Wanawake wote walioitikia, waliokauka koo kwa ajili yangu, waligeuka wakanitazama, na nikasikia ampli inavuma. Nilijua nimekwisha.

Wifi yangu alikuja mpaka karibu. Yeye ndiye aliyenilisha na kunisindikiza chooni siku zile zote, na macho yake yalikuwa bado yamevimba.

"Kumbe," akasema. "Tuliitikia. Mimi nililia mpaka sauti ikapotea. Kumbe ulikuwa unalia gitare! Na kaka yangu? Kaka yangu ulimulilia siku gani?"

"Ujibu, Mama," mzee akasema.

Maneno ya kujitetea nilikuwa nayo mengi, ya sokoni, makali, yamejaa mdomoni tangu siku nyingi. Nilimwangalia wifi yangu, nikayameza yote.

"Ni kweli, wifi," nikasema. "Nililia gitare. Kaka yako nilimwangalia akifa wiki nzima. Nilipiga kelele hospitali, nilimpigia Mungu kelele, na yeye alikuwa anaenda tu. Gitare ilikuwa bado inaweza kupona."

Wifi yangu alinitazama. Sikuweza kujua anafikiri nini. Kisha akamgeukia mwanawe, akamvua mkanda wa gitare shingoni, akachomoa waya bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hakujua namna ya kuibeba. Aliikumbatia kwa mikono miwili, akaja nayo, akanikalisha chini na kuiweka mapajani mwangu, na yeye mwenyewe akakaa mavumbini kando yangu. Mzee mkubwa akakubali kwa kichwa.

Ilikuwa bado na joto la mrithi. Nikaanza kulia. Safari ile sikuwa na neno hata moja, na wanawake hawakujua waitikie nini.